Akiba ya uzeeni kwa mwenye duka aliyevuka miaka 50: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi

Natunza vitabu vya biashara ndogo hapa Moshi: maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi cherehani, mabucha, mama lishe wawili watatu. Kila Januari, Krismasi ikishaliwa na ada zikishalipwa, wateja wangu wenye mvi huanza kuniuliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu haya ni ya mtu mwenye biashara yake mwenyewe. Mtumishi wa umma ana mfuko wake, PSSSF, tangu Agosti 2018 na hesabu zake ni nyingine.

Kuna kikomo cha pesa ninazoweza kuchangia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kwa mwezi?

Wengi huja wakitafuta dari, wakakuta sakafu. Aliyejiajiri huchangia kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Ukianzia 52,200 unaingia na kwenye fao la matibabu. Juu ya hapo ni uwezo wako tu.

Dari yenyewe iko kwenye kalenda. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, wa lazima ni 60. Toa 15 kwenye 60, unabaki na 45. Aliyeanza akiwa na miaka 45, asiruke hata mwezi mmoja, anafika 60 akiwa na miezi 180 kamili. Aliyeanza baadaye anahitaji miezi ya zamani ya kuunganisha, la sivyo hafiki. Huwezi kuinunua miezi kwa kuchangia milioni mbili mwezi mmoja. Huo utabaki kuwa mwezi mmoja mnene.

Nina miaka 51 na sijawahi kuchangia popote. Nimechelewa?

Kwa pensheni ya kila mwezi, ndiyo, umechelewa. Kutoka 51 hadi 60 ni miezi 108. Utakuwa na upungufu wa miezi 72. Anayefika umri wa kustaafu bila kutimiza miezi hulipwa mkupuo maalum, mara moja, akaenda zake.

Sisemi usichangie. Mkupuo ni pesa, na njiani kuna mafao mengine. Lakini usichangie huku ukijiambia kwamba utakuwa unapokea kila mwezi kama jirani yako aliyestaafu ualimu. Mteja mmoja alikuwa ameshamwahidi mkewe hivyo. Ilibidi tukae naye na kikokotozi hadi chai ikapoa.

Niliwahi kuajiriwa zamani. Ile michango bado ipo?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote kwa watu wa rika letu, na wachache ndio wanaoliuliza. Kilimanjaro na Arusha zimejaa wenye maduka ambao zamani walikuwa waajiriwa: kiwandani, hotelini, kwenye kampuni za utalii, kwenye mashamba ya maua. Miezi ile haiozi. Ukiendelea kuchangia kwa hiari, inaunganishwa.

Tuseme ulifanya kazi kwenye kampuni ya utalii Arusha miaka 8, ukachangiwa miezi 96. Leo una miaka 51. Umebakiza miezi 84, yaani miaka 7. Ukianza sasa unafikisha 180 ukiwa na miaka 58. Huyu na yule wa swali lililotangulia wana umri mmoja na maduka yanayofanana, lakini mmoja ana pensheni na mwingine hana.

Sasa uje mtego. Kabla ya mabadiliko ya 2018, watu waliacha kazi wakaenda kuchukua chao chote. Tuliita kujitoa. Kama wewe ulijitoa, ukanunua pikipiki au mabati, miezi ile imekwisha. Unaanzia sifuri. Wateja wengine husahau kwamba walijitoa, maana imepita miaka 20, na mke ndiye anayekumbuka: "Si ndiyo tuliyojengea jiko?"

Nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho cha taifa cha NIDA na namba yako ya uanachama, uombe taarifa ya michango. Isome mwezi kwa mwezi. Usiangalie jumla ya chini tu. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi kampuni moja, siitaji jina, miaka 4. Hati zangu za mshahara zinaonyesha makato kila mwezi. Taarifa ilionyesha miezi 19. Mwajiri alikuwa anakata, hapeleki. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeweka zile hati kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Bila hati unabaki na maneno matupu. Ukiwa nazo, mfuko una nguvu ya kisheria ya kumdai mwajiri michango pamoja na adhabu ya kuchelewesha.

Nichangie kama mtu binafsi, au nijilipe mshahara kwenye kampuni yangu?

Kama biashara imesajiliwa kwa jina lako tu, wewe na duka ni mtu mmoja. Huwezi kuwa mwajiriwa wa duka lako. Unachotoa kwenye droo jioni si mshahara, ni matumizi ya mwenye mali. Unachangia kwa hiari, basi.

Kama una kampuni iliyosajiliwa BRELA, kwa msajili wa kampuni, hapo wewe na kampuni ni wawili. Kampuni inaweza kukuajiri na kukulipa mshahara, na mchango unakuwa asilimia 20 ya mshahara ghafi. Kwa kawaida asilimia 10 hutoka kwako na 10 kwa kampuni. Tuchukue mshahara wa 1,000,000. Wewe unakatwa 100,000, kampuni inaongeza 100,000. Kodi ya mshahara, ile PAYE, inakokotolewa baada ya mchango wako kutolewa, kwa hiyo unatozwa kwenye 900,000. Kodi inakuwa 103,000. Bila mchango ungetozwa 128,000. Umeokoa 25,000. Ile 100,000 ya kampuni nayo ni gharama ya biashara, na kwa kampuni inayolipa kodi ya faida ya asilimia 30 inapunguza kodi kwa 30,000. Umeweka 200,000 uzeeni, lakini mfukoni zimetoka kama 145,000.

Ongeza nusu asilimia ya mshahara kwa ajili ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Ndogo, lakini usiisahau, maana wao hawakusahau.

Je, ufungue kampuni kwa ajili ya hili tu? Kwa duka la kawaida la Mbuyuni, ningesema hapana. Kampuni inataka ritani za kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa, na mhasibu wa kulipwa. Nasema hivyo nikijua mhasibu huyo ningekuwa mimi.

Kwa hiyo mchango wa hiari unanipunguzia kodi?

Wateja wangu wengi wana mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, na wanalipa kodi kwa makadirio ya mauzo. Kodi hiyo haitazami faida wala matumizi. Ukichangia uzeeni, ukinunua jenereta, ukimlipa fundi, TRA, mamlaka ya mapato, inatazama mauzo tu. Mchango haupunguzi hata shilingi.

Wanaotozwa kwa faida ndio wenye cha kupunguza, na hapo ndipo dari ya kodi ilipo: kinachokubalika kwenye kodi ni mchango uliolipa, usiozidi kile kinachotakiwa na sheria. Ukiongeza juu yake kwa mapenzi yako, ziada ni akiba yako halali, lakini kodi haiitambui.

Pensheni yenyewe itakuwa kiasi gani?

Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 ni hiki: idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mapato ya miaka mitatu iliyo bora kati ya 10 ya mwisho. Kwa mtu wa mshahara wa 1,000,000 na miezi 180, ni 180 kwa 580 mara 1,000,000. Inakuja kama 310,345 kwa mwezi, kabla hujatoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo mwanzoni. Ukishapokea mkupuo, kinachobaki kila mwezi kinapungua.

Ona hiyo "miaka mitatu iliyo bora kati ya 10 ya mwisho". Ndiyo nafasi pekee ambayo umri mkubwa unakupa. Mtu aliyechangia kidogo akiwa na miaka 40 hahukumiwi kwa udogo ule. Kinachotazamwa ni mapato ya mwishoni. Kwa hiyo kama una kampuni, na biashara imekaa vizuri, na watoto wamemaliza shule, miaka ya 52 hadi 60 ndiyo ya kujilipa mshahara wa kweli badala ya ule wa kuficha. Nasema wa kweli. Mshahara unaoruka ghafla mara tatu bila mauzo kuruka huleta maswali, na huwa nayajibu mimi.

Mwanangu yuko Marekani. Anasema huko mtu akifika 50 anaruhusiwa kuchangia zaidi. Kwa nini huku hakuna?

Kwa sababu huko mpango umejengwa kinyume na wa huku. Akaunti nyingi za uzeeni za Marekani ni pesa yako binafsi iliyosamehewa kodi kwa muda, kwa hiyo serikali inaweka dari ili matajiri wasiufiche utajiri humo. Halafu inamwinulia dari kidogo aliyechelewa.

Kwa mwaka 2025, aliye kwenye mpango uitwao 401(k) aliruhusiwa kuweka dola 23,500 kutoka kwenye kipato chake. Aliyefikisha miaka 50 aliongezewa 7,500, jumla 31,000. Aliye kati ya miaka 60 na 63 aliongezewa 11,250 badala ya 7,500, jumla 34,750. Hiyo nyongeza ya wenye 60 hadi 63 ilitokana na sheria ya 2022 na ilianza kutumika 2025. Mwenye biashara asiye na mfanyakazi anaweza kujifungulia mpango huo peke yake: anaweka kama mwajiriwa, kisha anaongeza kama mwajiri. Pande hizo mbili kwa pamoja hazikuruhusiwa kuzidi dola 70,000, bila kuhesabu nyongeza ya umri. Akaunti ya IRA, ndogo zaidi, ilikuwa dola 7,000, na 1,000 ya nyongeza kwa wenye 50 na kuendelea. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka.

Mzazi mmoja wa Kiboriloni aliniuliza kama binti yake anaweza kumfungulia moja. Hapana. Anayeweka lazima awe na kipato cha kazi kinachotambulika huko. Binti aijaze ya kwake, na wewe akutumie pesa uweke huku.

Biashara yangu ni ya msimu. Kila mwezi siwezi.

Aliyejiajiri anaweza kuchangia kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu. Moshi tunajua msimu wetu: Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, mji unajaa, bucha linauza kwa wiki mbili zaidi kuliko miezi miwili ya masika. Fundi cherehani mmoja, mama wa miaka 53, ana kopo la Kimbo chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kila nguo ikilipwa, anatupia 1,000 humo kabla hajagusa nyingine. Ijumaa anamimina, anahesabu, anatuma. Nilimshauri alipe kwa simu moja kwa moja. Alinitazama kama mtoto. "Simu inaniomba vocha, mwanangu. Kopo haliniombi kitu."

Miezi haitanitosha, au nimeshavuka 60. Niweke wapi?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wateja, maana wengi wako hapa.

Kwanza, mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Unanunua vipande, thamani yake hupanda na wakati mwingine hutulia au hushuka. Haina sharti la miezi 180 na haikuulizi utastaafu lini. Kwa mtu wa rika letu hutazama miwili. Mfuko wa Ukwasi ni wa pesa unayoweza kuihitaji karibuni, kwa sababu ukiomba kutoa unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hati Fungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni, unaanzia 50,000, na ukishakuwa na kiasi kikubwa unaweza kuomba ulipwe gawio kwa vipindi. Hicho ndicho kitu kinachofanana na pensheni kuliko vingine vyote nilivyoona.

Pili, hati fungani za serikali zenyewe, zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada. Unaanzia 1,000,000, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Kuna za miaka 2 hadi 25, na kuponi, yaani riba yake, hulipwa kila miezi 6. Ukiwa na 10,000,000 kwenye hati yenye kuponi ya asilimia 12 kwa mwaka, unapokea 600,000 mara mbili kwa mwaka, na mtaji wako unarudi mwisho. Mzee wa miaka 62 akisikia miaka 25 hucheka: "Nitakuwa wapi?" Ukikwama unaweza kuiuza sokoni Dar es Salaam kabla ya muda, ila kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Na usipokuwepo, inaingia kwenye mirathi kama mali nyingine.

Kama ni mteja wangu, fundi wa miaka 56 mwenye milioni 8, ningemwambia: 2 kwenye Ukwasi, zilizobaki kwenye mfuko wa hati fungani. Asishike hati yenyewe hadi awe na pesa ambayo hataigusa hata mtoto akifaulu kwenda chuo.

Nina kikoba. Si ni akiba hiyo hiyo?

Kikoba kinavunjwa Desemba. Pesa inatoka, inapita Krismasi, inapita Januari, imekwisha. Ni kizuri kwa mtaji na kwa misiba. Hakijawahi kumstaafisha mtu. Hisa za SACCOS iliyosajiliwa ni afadhali kidogo, maana zinakaa. Kilimanjaro tuna historia ndefu ya ushirika, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ni cha tangu 1933, na wazee wetu walisomesha kwa kahawa. Lakini hata SACCOS, usiweke kila kitu humo.

Nina vyumba vya kupangisha Pasua, na kihamba. Hiyo haitoshi?

Vyumba ni kipato cha kweli, nakubali. Vina kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, vina mwezi mtupu, vina mpangaji anayeondoka usiku, na vina paa litakaloanza kuvuja mwaka ule ule magoti yako yatakapogoma kupanda ngazi. Ukihesabu vyumba 6, panga bajeti ya 4.

Kihamba ni habari nyingine kabisa. Ni ardhi ya ukoo. Kina makaburi ya wazazi wako. Kwa mila mtoto wa kiume wa mwisho ndiye atakayebaki hapo. Hutakiuza, na ukijaribu, kikao cha ukoo kitakukumbusha wewe ni nani. Ndizi zake zitakulisha, na kulishwa si jambo dogo. Dawa ya presha, hata hivyo, hainunuliwi kwa mkungu. Kwenye karatasi yangu ya hesabu, kihamba nakiandika kwenye safu ya chakula. Safu ya pesa naiacha tupu. Wazee wengine huwa hawafurahii.

Nina vijana wawili dukani. Nao?

Ukishawalipa mshahara wewe ni mwajiri. Waandikishe, peleka asilimia 20 yao, na usimkate mfanyakazi zaidi ya 10. Nimeona wenye maduka wanajichangia wenyewe vizuri huku deni la wafanyakazi likikua kimya kimya. Siku likija, linakuja na adhabu, na linachukua ile akiba uliyojiwekea.

Nikifa kabla sijala?

Michango haipotei. Fao la warithi hulipwa kwa wategemezi: mwenzi, watoto, na kwa baadhi ya hali wazazi. Tatizo huwa ni makaratasi. Ndoa ya miaka 30 isiyo na cheti, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa cha RITA, jina ambalo NIDA linaandikwa hivi na cheti cha ubatizo vile. Rekebisha ukiwa hai, wewe mwenyewe, kwa mguu wako. Kwa vipande vya UTT na hati fungani, familia itapitia mahakamani kupata msimamizi wa mirathi, kwa hiyo angalau mtu mmoja nyumbani ajue kwamba vipo. Nimewahi kuona hati ya mamilioni ikipatikana ndani ya Biblia, miezi minane baada ya mazishi, kwa sababu mjane alikuwa anatafuta somo.

Nikija kwako kupanga haya, nije na nini?

Kitambulisho cha NIDA. Namba ya uanachama kama uliwahi kuwa nayo, hata kama kadi imefutika. Hati za mishahara ya zamani, zote, usizichague. Makadirio ya kodi ya mwaka huu. Mkeo au mumeo, maana yeye ndiye anayekumbuka kama ulijitoa. Na daftari la mauzo, hata kama lina alama za mafuta ya taa na kurasa za Desemba zimechanwa kufungia misumari.